Uchaguzi wa Glavu za Wavuvi wa Mabwawa Wakati wa Baridi

(Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi vyenye mabwawa ya samaki milimani Uluguru)



Mtu aliyezoea joto la Morogoro mjini, penye mwinuko wa mita 500 hivi, huona ni mzaha akiambiwa kwamba mvuvi ahitaji glavu za kuzuia baridi. Na apande gari hadi Mgeta, afike Nyandira au Tchenzema alfajiri ya mwezi Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya matuta ya kabichi. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na vilele vya Uluguru hupita mita 2,600. Katika baridi hiyo mfugaji wa perege huingia bwawani kabla ya jua, ili samaki wake wawahi gari la sokoni.

Maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa, takriban mara 25. Punde vidole hufa ganzi. Mvuvi hushindwa kufungua fundo la wavu, wala hatambui kwamba mwiba wa pezi la perege umemchoma mpaka aone damu. Kambale naye ana miiba miwili ya ubavuni, tena migumu zaidi. Jeraha dogo lililoingiwa na maji ya bwawa lenye samadi laweza kutunga usaha na kumlaza mtu nyumbani, mboga zikimngoja shambani. Kwa hiyo chama kinachotenga fedha za glavu hakifanyi anasa.

Kazi ni kuchagua. Glavu za pamba, zile wavaazo wapakiaji mizigo, ni rahisi kwa bei lakini hazifai: zikilowa hupoteza joto, na mkono mtupu huwa afadhali. Za ngozi hulowa, kisha zikikauka huwa ngumu kama ganda. Sufu huhifadhi joto kiasi hata ikiwa majimaji, na wavuvi wa Norway na Iceland waliitegemea karne nyingi. Lakini haizuii mwiba. Kwa bwawa, iliyo bora ni glavu ya mpira mzito, ndefu kukaribia kiwiko, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya glavu nyembamba ya sufu. Isibane, kwa maana damu isipozunguka vizuri kidole hupoa hata kikiwa ndani ya sufu. Ziko pia za niopreni, mpira wenye vitundu vya hewa, wavaazo wapiga mbizi. Ni nzuri, ila bei yake ni ya wapiga mbizi.

Kabla ya kununua jozi kumi, kamati na inunue moja. Mjumbe aivae, atie mkono katika beseni la maji ya mtoni, kisha afunge na kufungua fundo la wavu. Akishindwa, glavu hiyo itavuliwa na kuachwa ukingoni siku ya kwanza. Aidha, kwa kushika vifaranga, mpira uwe laini na uloweshwe kwanza, maana glavu kavu yenye kukwaruza huondoa ute unaomkinga samaki na maradhi.

Sasa lile lililo zito kuliko baridi. Mkulima wa Mgeta mwenye bwawa mara nyingi ndiye huyo huyo apigaye dawa nyanya na kabichi, naye huenda tayari anazo glavu za mpira za kunyunyizia. Ataona ni uwekevu kuzitumia bwawani. Si uwekevu hata kidogo. Dawa nyingi za kuulia wadudu, hasa za jamii ya pairethroidi, huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na kusuuza kwa sabuni si dhamana kwamba zimetoka zote katika mpira. Bwawa dogo laweza kuharibiwa asubuhi moja, na maji yake hushuka Mto Mgeta, yakaingia Ruvu, ambao maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam.

Basi glavu za dawa na glavu za samaki ziwe za rangi mbili, ziandikwe katika daftari la mali kwa mistari miwili, na zitundikwe mahali mbalimbali. Ankara ikiletwa imeandikwa "glavu" tu, pasipo kutaja aina wala kazi yake, mweka hazina airudishe kwa muuzaji ijazwe sawasawa, kwani mkaguzi naye atauliza.

Baada ya kazi zigeuzwe nje ndani, zikaushwe kivulini, mbali na jiko, kwa kuwa moto hupasua mpira. Kila mwezi mtunza ghala azijaze maji na kuzining'iniza kitambo. Inayovuja iandikwe kuwa imeharibika, wala isirudi msumarini.