Wakili Aingie Lini? Maswali ya Wanunuzi wa Viwanja na Nyumba

Mada kwa semina ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Morogoro



Katibu wenu alinikabidhi maswali mliyoyaandika. Mengi yanauliza bei ya wakili, na nitaifikia. Naanza na moja lililoandikwa kwa penseli, bila jina: "Mkataba wangu una muhuri wa wakili, mbona naambiwa kiwanja si changu?"

Chukueni mkataba wowote mlio nao nyumbani, msome maneno yaliyo juu ya muhuri. Yanasema muuzaji ametia saini mbele ya wakili, na kwamba wakili anamfahamu au ametambulishwa kwake na fulani. Huyo fulani mara nyingi ni dalali aliyewakutanisha. Basi. Muhuri hausemi kwamba muuzaji alikuwa na kitu cha kuuza. Na tujuavyo mambo yanavyokwenda: bei inapatanwa, fedha zinahesabiwa sebuleni, halafu msafara unaelekea mjini "kugongewa muhuri". Wakili analetewa karatasi iliyokwisha kuchapwa, analipwa ujira wa kushuhudia, anagonga. Hakutumwa kuchunguza, naye hakuchunguza. Kulaumu muhuri baadaye hakusaidii.

Wakili wa kukufaa ni anayeingia kabla hujatoa hata ya kishika uchumba. Atafanya nini? Inategemea ardhi yenyewe.

Kama kiwanja kina hati miliki, ataomba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Majibu yataonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, na kama mtu ameweka zuio. Hati nzuri yenye nembo ya Taifa mkononi mwa muuzaji haitoshi, kwa sababu rehani ya leo asubuhi utaikuta kwenye daftari la Msajili, si kwenye fotokopi ya muuzaji. Ataangalia pia muda uliobaki, kwani hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na deni la kodi ya pango la ardhi. Kisha mpima aende kiwanjani na ramani ya upimaji atafute bikoni. Wapo watu walionunua kiwanja halali kwenye karatasi wakajenga kwenye kiwanja cha jirani.

Kiwanja kisichopimwa ndicho chenye kazi kubwa, na wengi wenu ndicho mnachonunua. Mkataba wake huwa hivi: "Nimemuuzia kiwanja hatua 20 kwa 20, kaskazini kinapakana na Mama Salma, mashariki njia ya watu." Hatua za nani, za mrefu au za mfupi? Mama Salma akiuza na kuhamia Ifakara, mpaka wa kaskazini umehama naye. Wakili makini atadai majirani wote wafike, waonyeshe mipaka kwa miguu yao, watie saini. Atataka vipimo vya mita na picha, na mkataba wa zamani ambao muuzaji mwenyewe alinunulia. Asiye na mkataba huo aeleze kwa maandishi ardhi ilimfikiaje.

Hapo ndipo hutokea neno "nilirithi". Likitamkwa, simamisheni kila kitu. Mtoto wa marehemu si mwenye mali mpaka mirathi ishughulikiwe. Anayeweza kuuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na barua yake ya usimamizi. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Kesi nyingi za aina hii huanza na kaka mkubwa aliyeuza wakati wadogo zake wako shule.

Vilevile mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi. Muuzaji akisema hana mke, aape kiapo rasmi; wakati mwingine kiapo peke yake humkumbusha kwamba anaye.

Kwa mashamba ya vijijini, kuanzia Mvomero hadi Kilosa, idhini ya halmashauri ya kijiji ni lazima. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo hayana nguvu, na imeendelea kusema hivyo. Saini ya mwenyekiti peke yake si halmashauri. Omba muhtasari wa kikao.

Mmoja wenu ameuliza: mwenyekiti wa mtaa si anatosha? Ni shahidi mzuri, maana anawajua watu wake. Lakini kazi ya kuandaa hati za uhamisho kwa malipo si yake. Na ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa katika baadhi ya mitaa, mtu akuonyeshe kifungu cha sheria kabla hujalipa.

Je, wakili mmoja anaweza kuwahudumia muuzaji na mnunuzi? Mimi nashauri hapana. Wakili aliyeletwa na dalali ana mteja wa kudumu, na mteja huyo si wewe. Utakapotaka fedha zizuiwe mpaka hati ihamishwe, naye muuzaji anazitaka leo, atamsikiliza nani?

Kuhusu fedha: zipite benki, kwa awamu zilizoandikwa kwenye mkataba, na awamu ya mwisho isubiri uhamisho. Mkataba mkalipie ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa sababu usiolipiwa haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji; mkikubaliana vinginevyo, yaandikwe.

Sasa bei ya wakili. Ipo amri ya ada za mawakili ya mwaka 2015, lakini kwa mnunuzi wa kawaida lililo muhimu ni kuafikiana mapema, kwa maandishi, mkitenganisha ada ya wakili na gharama za serikali. Uliza pia ada hiyo inafika wapi: kuandika mkataba tu, au mpaka hati isomeke jina lako? Wengi huachwa nusu njia hapo.

Kabla ya kumlipa, tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Akikudhulumu, malalamiko hupelekwa kwa maandishi Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumsimamisha au kumfuta. Ambatanisha risiti, kwa hiyo mlipeni mahali panapotolewa risiti.