Fosforasi Iliyofungwa Udongoni, na Asidi Ziifunguazo
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Nimeombwa niseme juu ya mbolea, na sababu yake naifahamu. Katika hesabu ya kila mwanachama, fedha zikatwazo kwa ajili ya mbolea ya kupandia ni mzigo usio mdogo, na wengi huuliza kama fedha hizo hurudi. Basi na tuanze kwa hesabu, kwani ushirika huishi kwa hesabu.

Gunia la DAP la kilo 50 huandikwa tarakimu 18-46-0. Ile 46 si fosforasi tupu. Ni fosforasi pamoja na oksijeni, kama wanakemia walivyozoea kuipima. Ukiitenga peke yake, gunia zima lina kilo 10 za fosforasi. Mkulima aliyetia gunia hilo katika eka moja, akavuna magunia 20 ya mahindi ya kilo 90, ameondoa shambani kilo 5 hivi ndani ya punje zake. Na hata hizo hazikutoka zote katika gunia la msimu ule, kwa sababu mara nyingi mmea hupata fungu dogo tu la fosforasi iliyotiwa mwaka huo huo. Iliyobaki iko wapi? Mvua haiizamishi chini kwa wepesi kama inavyoizamisha nitrojeni. Pasipokuwa na mmomonyoko, iko pale pale chini ya miguu ya mwenye shamba, lakini imefungwa.

Mfungaji wake tunamwona kwa macho. Udongo wetu huku magharibi ya Kenya, tuseme Vihiga na sehemu za Siaya, ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu. Chuma hicho, pamoja na alumini, huinasa fosforasi kwa nguvu mara tu inapoyeyuka, na kadiri siku zipitavyo ndivyo kifungo kinavyozidi kukaza. Nao mzizi hauwezi kuivuta kutoka mbali. Fosforasi husogea udongoni milimita chache tu, hivyo mmea hufa njaa kando ya ghala lililofungwa.

Hapa ndipo zinapoingia asidi zitokazo katika mizizi, katika samadi, na katika majani yanayooza. Mojawapo ni asidi ile ile iliyo ndani ya limau, iitwayo sitriki. Nyingine ni okzaliki. Kazi yao ni ya namna mbili. Kwanza hukalia zile nafasi juu ya chembe za udongo ambazo fosforasi ingenasa, kama mtu aliyewahi kiti. Pili hukishika chuma na alumini na kuving'oa, na fosforasi iliyokuwa imeshikwa navyo ikaachiliwa majini, mzizi ukainywa.

Labda mtu atasema: udongo wetu umekwisha kuwa mchachu, na Bwana Shamba hutuhimiza tutie chokaa; yawaje leo tusifiwe asidi? Swali hilo ni la haki. Asidi hizi hazisaidii kwa uchachu wake; husaidia kwa kule kushika chuma na alumini. Tena samadi iliyoiva vizuri mara nyingi hupunguza uchachu wa udongo. Na asiwepo wa kwenda kumwaga maji ya limau shambani! Vijidudu vya udongo huzila asidi hizi katika muda wa saa au siku chache. Faida ipo pale zinapotengenezwa mfululizo, karibu kabisa na mzizi, na kazi hiyo haifanywi kwa debe.

Mimea haina uwezo sawa katika jambo hili. Mwaka 1990 watafiti waliofanya kazi India walitangaza kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi iitwayo pisidiki, nayo huweza kuifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma. Majani ya mbaazi yakianguka na kuoza, sehemu ya fosforasi hiyo huwafikia mahindi ya msimu ufuatao. Kwangu mimi, hiyo ni sababu bora ya kupanda mbaazi kuliko bei yake sokoni, ambayo hupanda na kushuka.

Hapa kwetu tunayo yale maua ya manjano ya uani, ambayo Waluyia huyaita maua amalulu na Wajaluo maua makech, yaani maua machungu. Uchunguzi uliofanywa magharibi ya Kenya na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba majani yake yakifukiwa hupunguza nguvu ya udongo ya kunasa fosforasi, hali mabua makavu ya mahindi hayakufanya hivyo. Lakini tusidanganyane juu ya kazi yake. Kilo 1,000 za majani makavu zina fosforasi kilo 4 hazitimii, na ili kuzipata yapasa kukata na kubeba tani 5 hivi za majani mabichi. Kwa bustani ya sukuma wiki jasho hilo hulipa. Kwa eka nzima ya mahindi, sithubutu kumshauri mama mwenye watoto wadogo.

Wala asidi haziumbi fosforasi. Hufungua ghala, na ghala lisilotiwa kitu mwishowe huwa tupu, kwa kuwa kila gunia la mahindi litokalo huondoka na fungu lake. Samadi ya ng'ombe aliyekula majani ya shamba lile lile hurudisha kilichotoka humo humo. Kwa hiyo siwaambii mwache DAP. Nasema itiwe pamoja na samadi, shimoni, karibu na mbegu bila kuigusa, wala isitawanywe juu ya shamba zima ambako chuma huinasa kwa wepesi zaidi.

Naiomba Kamati jambo moja. Kila chama cha msingi kichague mashamba mawili au matatu, na katika kila shamba ipimwe mistari sawasawa: mmoja wa DAP kamili, mmoja wa nusu ya DAP pamoja na samadi, mmoja usiotiwa kitu. Mizani ya ghala tunayo. Mavuno yapimwe humo mbele ya wanachama, gharama za mbolea na za kazi ziandikwe kando yake, na hesabu hiyo isomwe katika mkutano mkuu ujao kabla ya kuagiza mbolea ya mwaka unaofuata.