Kubebesha Miparachichi

Leo twataka kuzungumza habari za mparachichi, mti ambao sasa tunauona katika mashamba mengi ya Rungwe, Mufindi na Kilolo.

Mtu hula parachichi tamu, akaiweka kokwa, akaipanda. Miaka saba hupita, pengine zaidi, na mti ukizaa, tunda si lile alilolila. Sababu yake ni kwamba ua la mparachichi mara nyingi hupata chavua ya mti mwingine. Basi kokwa ni mtoto wa wazazi wawili, wala hafanani na mama yake. Atakaye tunda lile lile hana budi kukata kijiti cha mti ule ule na kukiunga katika mche mwingine. Kazi hii huitwa kubebesha.

Parachichi liitwalo Hass, ambalo wanunuzi wa ng'ambo hulipenda sana, lilitoka katika mti mmoja tu, uliooteshwa kwa kokwa katika miaka ya 1920 huko California, Marekani, na Rudolph Hass, mpeleka barua wa posta. Mti ule ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi, lakini kila Hass wa kweli aliyeko Tukuyu ni kijiti cha kijiti chake.

Kwa mche wa chini twaotesha kokwa za miti ya kienyeji, zingali mbichi, ncha ikitazama juu, katika udongo usiotuamisha maji. Mche ukipata unene wa penseli, hukatwa kichwa kiasi cha shibiri moja kutoka chini, na shina hupasuliwa katikati. Kikonyo hutwaliwa katika ncha ya tawi la mti uzaao vizuri, macho yake yamevimba lakini hayajafumuka, nacho kilingane unene na mche. Huondolewa majani, kikachongwa pande mbili kama kabari kwa kisu kikali kilicho safi, kisha kikatiwa katika mpasuko. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Chini ya gome mna utando mwembamba wa kijani, nao ndio ulio hai. Utando wa kikonyo usipogusana na wa mche, walau upande mmoja, kikonyo hukauka. Funga kwa ukanda wa plastiki, uvike kimfuko, uweke kivulini. Baada ya majuma matatu au manne macho hufumuka. Machipukizi ya chini ya kiungo yaondolewe daima, kwani mwenyeji ana nguvu kuliko mgeni.

Wengine watapenda kununua miche. Kabla ya kutoa fedha, tazama shina: mche usio na kovu la kiungo ni wa kokwa, hata muuzaji akiapa. Tena kovu peke yake halitoshi, maana laonyesha kwamba mche umeungwa, lakini halionyeshi umeungwa kwa mti gani. Omba uonyeshwe mti mama. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na aliyedanganywa hujua siku hiyo, shamba limekwisha jaa.

Wakati wa kupanda, kovu libaki juu ya udongo. Na wenye mashamba ya mabondeni Mufindi, ambako jalidi huanguka mwezi wa Juni na Julai, waifunike miche michanga kwa nyasi kabla ya jua kuchwa.