Mbwa Wetu na Sumu Zilizomo Nyumbani

Somo letu la leo lahusu mbwa, mlinzi wa nyumba, na sumu zilizomo katika nyumba hiyo hiyo anayoilinda.

Tuanze na dawa ya panya. Dawa nyingi za panya huzuia damu isigande. Sisi huichanganya na unga au dagaa, navyo mbwa avipenda kama panya avipendavyo. Akiila, siku ile hutaona dalili yo yote. Atakula, atabweka, atacheza. Baada ya siku 3 hivi mpaka 5 damu huanza kuvuja ndani ya mwili. Ufizi hupauka, pumzi humwia shida, na pengine damu humtoka puani. Hapo mwenye mbwa humshuku jirani kwamba amemlisha sumu usiku wa jana, na ugomvi huanza. Kumbe sumu imeliwa siku nyingi nyuma, tena ni ya nyumbani kwake mwenyewe!

Kwa hiyo usingoje dalili. Mpeleke kwa Bwana Mifugo siku ile ile, pamoja na pakiti ya dawa, kwani dawa za panya si za namna moja. Kwa hii izuiayo damu kuganda iko tiba, vitamini K, nayo hufaa sana ikianzwa mapema.

Dawa za kunyunyizia pamba na za kuogeshea ng'ombe hazikawii hivyo. Mbwa hutokwa mate, hutetemeka, huanguka. Usiziweke katika chupa za soda, wala usimpake mbwa kwa kubahatisha ili kuua kupe.

Kadhalika vidonge vyetu vya maumivu, kama parasetamoli, visipewe mbwa. Zabibu, chokoleti na vitunguu navyo humdhuru.

Je, mbwa akisha kula sumu? Usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Maziwa hayaui sumu, na chumvi nyingi ni sumu nyingine. Usimtapishe bila kuambiwa na mganga wa mifugo. Hasa akinywa mafuta ya taa, kwani yakipanda huweza kuingia mapafuni.

Lakini angalia: mate mengi na kuyumba huenda ni kichaa cha mbwa. Usitie mkono kinywani mwake. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikisha onyesha dalili kwa mtu, ni nadra sana apone.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini mbwa aliyekula dawa ya panya huonekana mzima?
2. Nyumbani kwako dawa hukaa wapi, nani aweza kuifikia?

Swali la pili lijibuni jioni hii kwa kwenda kutazama. Mahali anapofika mbwa, mtoto atambaaye hufika pia. Kwaherini.