Sarafu ya Zahabu na Mizani ya Haki

Somo: Mezali 11:1

Neno hili linatufundisha kwamba Mungu anachukia mizani ya udanganyifu. Tumezoea kuwahubiria wauzaji wa unga sokoni. Leo tujihubirie sisi wenyewe.

Hapa kwetu wengi hawaamini tena noti, na hatuwalaumu. Noeli ya 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa, wazee wetu wakabaki na karatasi mikononi. Mwaka 1993, zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire moja mpya. Mwaka 1998 ikaja franga, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu aliyepita humo, akisikia kuna sarafu ndogo ya zahabu ya kuweka nyumbani, lazima atege sikio. Na kuweka akiba si zambi. Yosefu aliweka nafaka miaka saba.

Mama mmoja mjane wa kusanyiko letu alitega sikio. Ndugu mmoja anayeimba pamoja nasi alimuuzia sarafu ya Katanga ya 1961, franga 5, ile yenye msalaba wa shaba, akisema ni zahabu. Kweli, serikali ya Katanga ilitoa za zahabu. Lakini ilitoa pia za shaba iliyochanganywa, zenye sura ileile, na ukizisugua kwa ndimu na majivu zinang'aa! Macho yanadanganyika. Mizani haidanganyiki: ya zahabu ina gramu 13 na kidogo, ya shaba karibu nusu yake tu. Fundi wa mapambo aliipima, akamrudishia mama kwa masikitiko. Feza zile zilikuwa za masomo ya watoto.

Mama alikuja kwetu. Sisi wazee wa kanisa tulimwambia asamehe, anyamaze, jina la kanisa lisichafuke. Tukamwombea, tukamsindikiza mpaka barabarani. Jumapili ndugu yule aliimba kama kawaida.

Wapendwa, siku ile mizani ya udanganyifu ilikuwa mikononi mwetu. Tulipima jina letu na watoto wa mjane, tukaona jina ndilo zito. Zakayo, Luka 19:8, hakuishia kusikitika. Alitaja kurudisha mara nne. Sisi tunapenda kuhubiri ule mti aliopanda, hesabu yake tunaruka.

Ndugu yule ameitwa, amekubali kosa, amerudisha sehemu ya kwanza. Sisi nasi tumemwomba mama msamaha mbele ya kusanyiko. Alijibu kwamba amesikia. Watoto wawili wamerudi darasani, wa tatu bado yuko nyumbani.

Anayetaka kununua sarafu, apime kabla ya kutoa feza, kwa fundi aliyemchagua mwenyewe, si rafiki wa muuzaji. Na aliyeuziwa ya namna hiyo ndani ya kanisa aje kwa wazee Alhamisi, baada ya maombi. Aje na sarafu yake. Mizani tutakuwa nayo.