Juu ya Kumwajiri Mtunzaji wa Mzee Nyumbani



Katika siku hizi za Yubile nimepewa nafasi niseme neno juu ya nyumba zetu. Zamani mzee alipodhoofika hakutafutiwa mtu wa mshahara. Wakaza wana, wajukuu na majirani walipokezana. Leo watoto wametawanyika kwa ajili ya kazi. Tuseme mama yuko Korogwe, mwanawe mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Mwanza, na binti aliyebaki karibu ana watoto wake na shamba lake. Wakiamua kumwajiri mtunzaji, wasihesabiwe kuwa wamemtupa mama yao. Lakini jambo hili lataka akili nyingi, kwa maana mzee aliye dhaifu hawezi kujitetea, na mara nyingi mtunzaji naye hawezi.

Kwanza, mzee mwenyewe aulizwe. Nyumba ni yake, na mwili ni wake. Mama mzee huona haya kuogeshwa na mwanamume, na baba mzee huona haya kuogeshwa na msichana aliye rika la mjukuu wake. Akimkataa mtu, asilazimishwe, bali aulizwe sababu, na sababu yake isikilizwe.

Pili, kazi ijulikane kabla ya mtu kutafutwa. Je, mzee ataka kupikiwa tu na kushikwa mkono? Au husahau njia ya kwake, au hawezi kujigeuza kitandani? Asiyeweza kujigeuza yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asije akapata vidonda. Na kazi hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja. Mwelezeni mtunzaji habari zote za ugonjwa, kwani mficha maradhi, kilio kitamfichua. Tena mwombeni mwuguzi wa zahanati amwonyeshe jinsi ya kumwinua mgonjwa na kumlisha akiwa ameketi.

Tatu, msichukue mtoto. Wako watu waletao msichana mdogo kutoka kijijini, kwa kuwa mshahara wake ni mdogo. Mtoto hawezi kumwinua mtu mzima, na mahali pake ni shuleni. Tafuteni mtu mzima, waulizeni wale aliowatumikia kwanza, na majuma mawili ya mwanzo mmoja wenu akae naye nyumbani.

Nne, mapatano yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Yampa pia mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Mshahara nao usipungue kima kilichotangazwa na Serikali kwa watumishi wa nyumbani.

Huenda mtu akauliza, "Siku hiyo ya mapumziko, nani atamtunza mama?" Ndugu yangu, ni wewe. Na kama wewe u mbali, basi ni nduguyo, nawe umsaidie kwa fedha na kwa zamu yako ya likizo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Atumaye fedha kutoka mbali huuona mwepesi. Mtunzaji asiyelala wala kupumzika huchoka, na aliyechoka hukasirika, na hasira yake humwangukia yule asiyeweza kuondoka kitandani. Kwa hiyo haki ya mtunzaji ni ulinzi wa mzee.

Tena siku hiyo ndiyo siku ya kutazama kwa macho yako. Mwogeshe mama mwenyewe, uangalie kama amekonda, kama ana alama mwilini, kama dawa zimetumika kwa kadiri yake. Keti naye peke yake, umwulize habari zake, wala usiwe na haraka ya jibu. Ukikuta mema, mshukuru mtunzaji mbele yake. Ukikuta mabaya, usingoje mwisho wa mwezi.

Ndugu zangu, mikono ya kazi yaweza kuajiriwa, lakini utoto wetu kwa wazazi wetu hauajiriwi.