Joto na Umeme Ndani ya Kikuza Sauti: Jinsi ya Kuilinda Mali Yako

Ndugu wananchi wa Ifakara na wa bonde zima la Kilombero,

Mpunga ukishauzwa, sehemu ya fedha zake hununua redio na vikuza sauti: vya misikitini, vya makanisani na vya kukodishwa harusini. Kifaa kilichonunuliwa kwa jasho la msimu mzima chaweza kuharibika kwa usiku mmoja. Tutazame kinachokiharibu.

Tuanze na vali, kwa kuwa madhara yake huonekana kwa macho. Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Katika miaka ya 1950, Salum Abdallah na Cuban Marimba walipovuma mjini Morogoro, redio na vikuza sauti vilitegemea vali, na hadi leo wapo wanaovitunza. Ndani ya chupa, waya mwembamba hupasha moto kathodi, kipande cha metali chenye utando wa oksidi. Ikipata moto, elektroni huchomoka na kuvutwa hadi kwenye bamba liitwalo anodi. Zinapoligonga, mwendo wake hugeuka joto.

Bila joto vali haifanyi kazi, likizidi, huiua. Umeme ukipanda mno kupita volti 230 za kawaida, au kipuri kinachodhibiti mkondo kikifa, elektroni humiminika na bamba huiva jekundu kama kaa la moto. Metali hutoa gesi iliyokuwa imenaswa ndani yake, na chembe za gesi hiyo huipiga kathodi hadi utando wake uharibike. Sauti hufifia, hukwaruza, kisha hunyamaza.

Vikuza sauti vingi vya leo hutumia transista, zilizovumbuliwa mwaka 1947. Hazing'ai, lakini hatari ni ile ile: transista ikipata joto hupitisha mkondo mkubwa zaidi, na mkondo huo huzaa joto jingine. Katika hewa ya moto ya bonde hili, joto la kifaa hupoa kwa shida.

Kwa hiyo, zingatieni haya:

1. Kiacheni kifaa kipumue. Msikifunike kwa kitambaa wala kukibananisha ukutani, na wakati wa kiangazi futeni vumbi kwenye matundu yake.

2. Fyuzi ikikatika, wekeni nyingine ya kiwango kile kile. Msizungushie waya: fyuzi hufa ili kifaa kipone.

3. Msizidishe spika kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa. Kikuza sauti cha vali kisitumiwe kamwe bila spika.

4. Mkisikia harufu ya kuungua, au bamba la vali likiwa jekundu, zimeni mara moja. Msikifungue wenyewe, mamia ya volti yaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi.

5. Mnunuapo vali iliyotumika, tazameni doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali imekufa.

6. Umeme ukiyumba, chomoeni vifaa na mtoe taarifa TANESCO.

7. Daini stakabadhi na dhamana ya maandishi. Mkilazimika kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, karatasi hizo ndizo zitakazowasemea.